Mahali pa Biashara: Funzo la Pangani, kutoka Misafara hadi Daraja



Kwa kawaida sisi wa kamati ya fedha hupewa kurasa za mwisho za kijitabu hiki, pale penye mapato na matumizi, na wengi wenu huzifikia mkiwa mmeshachoka. Safari hii tumeomba nafasi ya mbele kidogo. Sababu ni kwamba mkutano mkuu wa mwaka huu hautaamua tu tuchange kiasi gani. Utaamua pia tulichochanga tukiweke wapi.

Mezani kuna mapendekezo mawili. La kwanza ni kununua kiwanja karibu na kivuko na kujenga fremu za maduka za kupangisha, ili kodi yake isomeshe watoto wetu. La pili ni kujenga mtambo mdogo wa barafu na chumba cha baridi kwenye diko, wavuvi wanaposhusha samaki. Katika vikao tumesikia hoja nzuri pande zote mbili. Tumesikia pia kauli moja iliyotufanya tuandike makala haya: kwamba biashara ni bidii na baraka, mahali si kitu, kwani kizuri chajiuza.

Tunaheshimu methali hiyo. Lakini kama kuna mji katika pwani hii unaoweza kutoa ushahidi kwamba mahali ni kitu kikubwa, mji huo ni wa kwetu. Tukisoma historia ya Pangani kwa jicho la mtu wa hesabu, tunaona mji uliotajirika kwa sababu ya mahali, ukafifia kwa sababu ya mahali, na sasa unakaribia kubadilishiwa mahali kwa mara nyingine.

Mlango wa mto

Mto wetu hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, ukapita nyika, ukapokea vijito vya Usambara, ukamwagika baharini hapa petu. Katika karne ya 19 bonde lake lilikuwa njia. Misafara iliyokwenda Usambara, Upare, Uchagani na Umasaini ilipata maji na chakula kandokando ya bonde hilo, na iliporudi ilishuka hadi mdomoni mwa mto. Ng'ambo ya bahari ilikuwapo Unguja, penye soko kubwa na matajiri wa kukopesha bidhaa. Pemba nayo ilikuwa usoni petu. Burton na Speke walipopita Pangani mwaka 1857, kabla ya safari yao kubwa ya bara, waliukuta mji ambao tayari ulikuwa ukiishi kwa biashara hiyo.

Tujiulize wazee wetu waliuza nini hasa. Pembe za ndovu zilitoka bara, na nguo, shanga na masango ya waya vilitoka ng'ambo. Wao walichokuwa nacho ni sehemu ambayo mzigo hubadilisha chombo. Hadi Pangani, pembe ilibebwa begani na kichwani. Kuanzia Pangani, ilibebwa na jahazi. Pale mzigo unaposhushwa kutoka chombo kimoja ili upandishwe kingine, lazima uhesabiwe, upimwe, uhifadhiwe usiku, ulipiwe ushuru, na wapagazi wale na walale. Kila kimoja kati ya hivyo ni riziki ya mtu. Mji mzima ulisimama juu ya kitendo hicho kimoja.

Tazameni pia aina ya bidhaa. Mpagazi wa misafara alibeba takriban frasila mbili, naye alipaswa kulishwa miezi kadhaa. Bidhaa inayobebwa hivyo lazima iwe nyepesi kwa thamani yake. Ndiyo maana ilikuwa pembe, haikuwa mahindi. Mahindi na mtama viliuzwa karibu, kwa misafara yenyewe na kwa majahazi.

Fungu la mchanga lililopo mlangoni mwa mto halikuwa tatizo wakati ule. Nahodha wa jahazi alingoja maji yajae, akaingia. Kwa chombo cha kina kifupi, mto wetu ulikuwa bandari salama, na fungu lile lilizuia mawimbi. Tunaomba mlikumbuke fungu hilo, kwa maana litarudi katika habari yetu.

Kando ya mto, juu kidogo ya mji, yalikuwapo mashamba ya miwa ya matajiri wa Kiarabu. Miwa haiwezi kungoja. Ikishakatwa huanza kuchacha. Kwa hiyo vinu vya kukamulia vilikaa mashambani, na kilichosafirishwa kwenda Unguja na kwingineko kilikuwa sukari guru na asali ya miwa. Ni mpango mzuri wa mahali, lakini sisi watu wa hesabu hatuwezi kuusifu bila kutaja kilichokosekana katika daftari zake. Waliolima na kukamua walikuwa watumwa. Gharama yao kubwa haikuandikwa popote kwa sababu walioilipa hawakuwa wenye daftari. Tunapojivunia utajiri wa zamani wa mji wetu, tuutaje na huo upande.

Mmoja wa wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutwaa forodha za pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, vita vilianzia hapa Pangani mwezi wa Agosti. Mambo mengi yalichochea vita vile, ikiwemo dharau ya maofisa wa kampuni. Lakini tuone walianza kushika nini. Hawakuanza na shamba wala mgodi. Walianza na forodha, yaani mlango. Aliyeshika mlango alishika mapato ya njia yote iliyokuwa nyuma yake. Abushiri alinyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na mlango ukabaki mikononi mwa wengine.

Reli ilipopita kwingine

Kisha chombo kikabadilika. Meli za moshi zilihitaji kina, na kina hicho kilikuwa katika ghuba ya Tanga, kilomita 50 hivi kaskazini yetu. Fungu letu la mchanga, lililokuwa kinga ya majahazi, sasa likawa kizuizi. Meli ilitia nanga nje, na mizigo ikahamishwa kwa mashua. Kila kuhamisha kulikuwa na gharama na hatari.

Mwaka 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga. Haikuwa kazi rahisi: kampuni iliyoijenga iliishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, na baadaye, wakati wa Waingereza, Arusha mwaka 1929. Ukiitazama ramani utaona jambo la kuumiza. Kutoka Moshi hadi Korogwe, reli na bonde la mto wetu havipishani mbali. Mzigo uliteremka na mto wetu kama zamani, lakini ulipofika Korogwe ulikata kushoto kwenda Tanga. Mto pekee ndio ulioendelea kuja kwetu.

Wazee wetu hawakuwa wavivu, na ujuzi wao wa bahari haukupungua hata siku moja. Nyumba zao za mawe zilikuwa imara, na milango yao ya nakshi ilikuwa mizuri. Kilichoondoka ni ile sehemu ya kubadilishia chombo. Ilihama kilomita 50, na riziki ya kuhesabu, kupima, kuhifadhi na kulisha ikahama nayo.

Hatukuwa peke yetu. Bagamoyo, mji wa misafara ya njia ya kati, ulikuwa makao ya Wajerumani hadi mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, kwa sababu hiyo hiyo ya bandari yenye kina. Mwaka 1905 reli ya kati ilianzia Dar es Salaam, na mwaka 1914 ilifika Kigoma. Bagamoyo ilibaki na makanisa, misikiti na kumbukumbu.

Hapa kuna jambo ambalo taaluma yetu ya uhasibu hailisemi vizuri. Katika vitabu vya hesabu, jengo hushushwa thamani kila mwaka kwa sababu huchakaa. Gari hushushwa thamani, na mashine pia. Ardhi haishushwi, kwa hoja kwamba ardhi haichakai. Kwa udongo wenyewe ni kweli. Lakini mfanyabiashara hanunui udongo tu. Hununua na njia inayopita mbele yake. Na njia huchakaa, tena wakati mwingine kwa siku moja. Daftari la tajiri wa Pangani wa mwaka 1890 lingeonyesha kiwanja chake cha forodhani kwa bei ile ile hadi mwaka 1911, na hesabu zote zingejumlika sawasawa, ilhali biashara imeshakwenda.

Mkonge na kanuni ya uzito

Wilaya yetu ilipata riziki ya pili, nayo ilianza kwa namna ya ajabu. Mwaka 1893, mwaka ule ule wa kuanza reli, Daktari Richard Hindorf wa ile kampuni ya Kijerumani aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliagizwa miche 1,000. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, nayo ilipandwa Kikogwe, hapa kwetu Pangani. Kutokana na miche hiyo ulienea mkonge wa Tanganyika.

Mkonge unatufundisha kanuni ya mahali kwa uwazi kuliko zao jingine. Ukikata kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi utakazopata ni kilo 3 hadi 5. Zilizobaki ni maji na makapi. Nani mwenye akili atasafirisha kilo 95 za takataka hadi mjini? Tena jani likikauka kabla ya kuchakatwa, nyuzi hazitoki vizuri. Kwa hiyo mashine za korona zilijengwa ndani ya mashamba, karibu na maji mengi ya kuoshea, na reli ndogo za matoroli zikaleta majani hadi mlangoni. Kilichopelekwa Tanga kilikuwa marobota ya nyuzi zilizokaushwa na kufungwa. Kiwanda cha kusokota kamba, kwa upande mwingine, hakina haja ya kukaa shambani. Kilo ya nyuzi hutoa karibu kilo ya kamba, hivyo kinaweza kukaa mjini, kwenye umeme, mafundi na meli.

Mtaalamu wa Kijerumani, Alfred Weber, aliiandika kanuni hii mwaka 1909: malighafi inayopoteza uzito mwingi huvuta kiwanda kwake, na ile isiyopoteza humwachia mwenye kiwanda uhuru wa kusogea sokoni. Wazee wetu wa vinu vya miwa walikuwa wameshaijua bila kuisoma. Hata akina mama wanaoanika dagaa wanaijua. Sehemu kubwa ya uzito wa dagaa mbichi ni maji, na dagaa huharibika upesi, kwa hiyo huanikwa pale pale wanaposhushwa, na gunia linalopanda gari ni la dagaa wakavu. Mwenye mbata naye hufanya hivyo: makumbi na vifuu hubaki shambani, mbata husafiri.

Mto wenyewe umetumika kwa kanuni hiyo hiyo. Maporomoko hayahamishiki, kwa hiyo mitambo ya umeme ilifuata maporomoko: Hale mwaka 1964, megawati 21, na mtambo mpya wa Pangani mwaka 1995, megawati 68. Umeme wenyewe husafiri kwa waya hadi uliko uhitaji. Ndiyo maana mto una jina letu, lakini viwanda vinavyotumia umeme wake viko kwingine.

Tuongeze tahadhari moja. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, ikiongoza duniani. Baadaye nyuzi za plastiki zilishika soko, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Korona zilikuwa mahali pazuri kabisa, lakini mahali pazuri hapawezi kuokoa bidhaa ambayo dunia imeacha kuinunua. Kwa hiyo hatudai kwamba mahali ni kila kitu. Tunadai kwamba ni swali la kwanza, nalo linapaswa kuulizwa kabla ya kufungua pochi.

Kila biashara na mahali pake

Kutokana na historia hiyo, na kutokana na vitabu vya hesabu tunavyokagua kazini, tunaona biashara za mji kama wetu zinagawanyika katika mafungu manne.

Fungu la kwanza hufuata malighafi. Humo mna dagaa, mbata, ukamuaji, upasuaji wa mbao. Swali lake ni uzito na kuharibika: nini kinapungua njiani, na nini kinaoza?

Fungu la pili humfuata mpita njia: mama lishe, muuza vocha, duka la soda, kijiwe cha bodaboda, muuza korosho. Mteja hakutoka nyumbani kwa ajili yao. Alikuwa akipita, au alikuwa akingoja. Biashara hizi huishi kwa hatua za miguu. Zikihamishwa mita 200 tu kutoka njiani, hufa, hata kama wali ni mtamu kuliko wa jirani.

Fungu la tatu hufuatana zenyewe. Ukienda Kariakoo unakuta mtaa mzima wa vitambaa, na mwingine wa vifaa vya umeme. Mtu wa nje hudhani wanaharibiana soko. Mwaka 1929 Mmarekani Harold Hotelling alieleza kwa hesabu kwa nini wauzaji wawili wa kitu kimoja huishia kukaa jirani. Sisi tunaongeza sababu ambayo kila mnunuzi anaijua: mtu anayetaka kulinganisha bei na rangi huenda penye wengi. Muuza vitenge anayejitenga ili asishindaniwe hujitenga pia na wanunuzi.

Fungu la nne linaweza kukaa popote, kwa kuwa mteja hulitafuta. Humo mna fundi seremala wa milango ya nakshi, mshonaji wa sare za shule, mrekebishaji wa injini za boti. Hawa wakilipa kilemba kikubwa cha fremu ya barabara kuu, wanalipia wapita njia ambao hawawahitaji. Faida yao iko kwenye kodi ndogo na nafasi kubwa ya kufanyia kazi.

Kuna pia suala la ujirani. Mwanikaji dagaa na mwenye nyumba ya wageni wote wanataka ufukwe. Kusi likivuma, harufu huenda upande mmoja. Kaskazi likivuma, huenda upande mwingine. Wote wawili wana haki, na mji usipowapangia nafasi mapema, mwenye mtaji mkubwa atamfukuza mwenye mtaji mdogo. Mara nyingi huyo mwenye mtaji mdogo ni mama yetu.

Kosa letu wenyewe

Tusiwahukumu wazee bila kujihukumu. Miaka kadhaa iliyopita chama chetu kilinunua mashine ya kusaga na kukoboa kwa ajili ya kijiji kimoja wilayani. Fedha zilichangwa kwa moyo safi, na risiti zote tunazo. Kiwanja tulipewa bure na familia moja yenye ukarimu, nyuma ya shule. Sisi wa kamati tulifurahi sana kuandika sifuri kwenye mstari wa kiwanja.

Mashine ilifanya kazi chini ya miaka miwili. Wanawake wa kijiji walipokwenda kusaga, walikuwa wakienda pia dukani, sokoni na zahanati, na vyote hivyo viko upande wa barabara. Mashine yetu iliwataka wapande kilima na gunia, wasage, kisha washuke tena. Njiani walipita mashine ya mtu binafsi iliyokuwa ghali kidogo kuliko yetu. Walisaga huko. Tulipouliza, mama mmoja alitujibu kwa upole: "Wanangu, bei yenu nzuri, lakini kilima chenu hamkukipunguzia bei." Tulikuwa tumepiga hesabu ya dizeli, mkanda, mshahara wa mwendeshaji na uchakavu. Mgongo wa yule mama hatukuupigia hesabu. Kile kiwanja cha bure ndicho kilichotugharimu kuliko vyote.

Kivuko na daraja

Sasa turudi kwenye mapendekezo ya mwaka huu.

Kiwanja cha karibu na kivuko kinavutia, na bei yake inaonyesha hivyo. Ukisimama pale asubuhi unaona kwa nini: magari yamepanga foleni kungoja kuvuka kwenda Bweni, abiria wameshuka kunyoosha miguu, na akina mama wanauza samaki wa kukaanga, mihogo na madafu. Lakini tuulize swali tulilojifunza kwa wazee. Pale panauzwa nini hasa? Panauzwa kungoja. Gari linasimama kwa sababu barabara imekatwa na maji. Ni sehemu ya kubadilisha chombo, kama forodha ya zamani.

Na daraja linajengwa. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo inatengenezwa kwa lami, na daraja la mto Pangani ni sehemu yake. Sote tumelililia daraja hilo kwa miaka mingi, na tunalishukuru. Mgonjwa hatangoja kivuko usiku. Lakini siku litakapofunguliwa, gari halitakuwa na sababu ya kusimama pale. Foleni ile ambayo bei ya kiwanja imejengwa juu yake itakwisha.

Mambo haya tumeyaona kwingine. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mto Rufiji mwaka 2003, msafiri wa Kusini aliacha kungoja kivuko pale Ndundu. Mwaka 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani Dar es Salaam kilizinduliwa Mbezi Luis baada ya mabasi kuondolewa Ubungo, na sisi tunaoishi Dar es Salaam tulishuhudia jinsi eneo la nje ya kituo cha zamani lilivyobadilika. Lakini pia tuliona mfano wa kinyume: Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, na bado kivuko cha Magogoni kinajaa watu hadi leo, kwa sababu waendao kwa miguu wanataka kufika katikati ya mji na soko la samaki, na daraja liko mbali na huko. Kwa hiyo hatusemi kwamba pale kivukoni petu pataota nyasi. Tunasema hakuna mwenye haki ya kuwekeza fedha za wajane na wastaafu waliotuchangia kana kwamba hakuna kitakachobadilika.

Upande wa pili kuna barafu. Barafu ni kinyume cha mkonge. Mkonge hupunguza uzito kiwandani. Barafu hupungua njiani. Ikipakiwa Tanga asubuhi, kila saa ya jua ni hasara. Malighafi yake, maji na umeme, yanaweza kufikishwa kwa bomba na waya. Kwa hiyo mahali pa mtambo wa barafu ni pale anaposimama mwenye kuihitaji, yaani kwenye diko. Na daraja haliuondolei mteja wake, linamwongezea soko. Mvuvi mwenye barafu anaweza kungoja gari la Dar es Salaam badala ya kumuuzia wa kwanza aliyefika kwa bei yoyote. Asiye na barafu huuza kabla jua halijapanda, kwa sababu samaki hamngojei.

Tunachopendekeza

Kwa hayo, kamati ya fedha inapendekeza mkutano mkuu ukubali mambo manne.

Kwanza, fedha za mwaka huu zielekezwe kwenye mtambo wa barafu na chumba cha baridi kwenye diko. Kabla ya kununua tofali, tuthibitishe vitu vitatu: maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa bahari hupanda mtoni na visima vya karibu si vya kuaminiwa, umeme wa kutosha mtambo, na kiwanja kisichofikiwa na maji ya bamvua, chenye hati inayosomeka jina la chama.

Pili, tusinunue kiwanja cha kivukoni kwa bei ya leo. Tungoje daraja lifunguliwe, tuone magari yanasimama wapi. Likishafunguliwa, tukodi fremu mbili au tatu kwa mwaka mmoja mahali hapo papya. Zikilipa, ndipo tujenge. Panga kwanza, jenga baadaye.

Tatu, sehemu ya michango iwekwe akiba kwa ajili ya akina mama wanaouza kivukoni, wapate mabanda na mtaji mdogo wa kuhamia njia itakakohamia. Wao ndio waliolisha wasafiri wetu miaka yote. Reli ilipopita kwingine, hakuna aliyewauliza wapika chakula wa misafara watakula nini. Safari hii habari tunayo mapema, na tusipowaandalia hatutakuwa na la kujitetea.

Nne, kila mradi wa chama kuanzia sasa uwe na karatasi moja ya mahali kabla ya karatasi ya bajeti. Vijana wetu wakae pale panapopendekezwa siku saba, ikiwemo siku ya gulio, Ijumaa na siku ya bamvua, wakihesabu nani anapita, saa ngapi, amebeba nini. Daftari la shilingi mia tano lingetuokoa na ile mashine ya nyuma ya shule.

Ndugu zetu, bahasha ya mchango imo ndani ya kijitabu hiki, pamoja na fomu ya ahadi kwa watakaolipa kwa awamu. Kila atakayetoa atapewa risiti, na ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha mwakani utaonyesha kila shilingi ilikokwenda. Safari hii utaonyesha pia imewekwa mahali gani, na kwa nini pale.